Kutoka udiwani hadi bunge la jimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari ya Deqa Dhalac wa Maine

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, wapo watu wengi wanaozungumza Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali waliokulia Dadaab na Kakuma. Wengi wao wanalifahamu jina la Deqa Dhalac, ila ukiwauliza kazi yake hasa ni nini, kila mmoja anakuja na jibu lake. Wengine humwita meya, wengine mbunge wa Washington, wengine diwani. Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi kila mara, kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Deqa Dhalac ni nani?

Ni mwanasiasa wa chama cha Democratic, mzaliwa wa Somalia, aliyefika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliishi kwanza eneo la Atlanta, kisha akahamia Lewiston katika jimbo la Maine, na baadaye South Portland. Kwa taaluma ni mtu wa ustawi wa jamii, na kwa miaka mingi alifanya kazi na familia za wahamiaji.

Mwaka 2018 alichaguliwa kuingia katika baraza la mji wa South Portland, akiwa Mwafrika na Mwislamu wa kwanza kuketi humo. Desemba 2021 aliapishwa kuwa meya wa mji huo, na magazeti ya Marekani yakaandika kwamba ndiye meya wa kwanza mwenye asili ya Kisomali nchini humo. Novemba 2022 alichaguliwa kuingia Bunge la Wawakilishi la Maine, na mwaka 2024 wapiga kura wakamrudisha.

2. "Jimbo" hapa lina maana gani? Kwetu jimbo ni eneo la mbunge.

Swali hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu neno moja linabeba maana tofauti kulingana na unakotoka. Mtanzania akisikia "jimbo" anafikiri eneo la uchaguzi, kama Jimbo la Ubungo. Mkongo anafikiri mkoa mkubwa, kama Kivu ya Kaskazini. Mkenya wa makamo anakumbuka mjadala wa majimbo.

Katika ukurasa huu, jimbo ni moja ya sehemu 50 zinazounda Marekani. Kila moja ina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Sehemu anayowakilisha mbunge tutaiita eneo la uchaguzi.

3. Kwa hiyo yeye ni mbunge wa Washington?

Hapana. Walioko Washington wanaketi katika Kongresi, na Maine ina maseneta 2 tu huko na wawakilishi 2. Deqa Dhalac anaketi Augusta, makao makuu ya Maine, katika bunge la jimbo lenye wawakilishi 151 na maseneta 35.

Ukitaka mfano wa karibu na nyumbani, fikiria Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Linatunga sheria za mambo yasiyo ya Muungano, na mjumbe wake si lazima awe mbunge wa Dodoma. Mfano huo hautoshi kwa kila kitu, lakini unasaidia kuliko kulinganisha na mabunge ya kaunti za Kenya. Kaunti imepewa orodha maalumu ya majukumu na Katiba ya 2010. Jimbo la Marekani lipo kinyume chake: lina mamlaka juu ya kila jambo ambalo katiba ya nchi haijalikabidhi kwa serikali kuu wala kulikataza. Sheria za shule, leseni za udereva, mikataba ya nyumba za kupanga, makosa mengi ya jinai, kodi ya mauzo, haya yote huamuliwa katika jimbo. Anayehangaika na polisi wa barabarani au mwenye nyumba anahangaika na sheria za Augusta, hata kama televisheni yake inaonyesha Washington kutwa nzima.

4. Mwakilishi mmoja anasimamia watu wangapi?

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,362,359 katika Maine. Ukigawa kwa viti 151, kila mwakilishi ana watu 9,000 hivi. Ni idadi ya kata. Mgombea anaweza kugonga karibu kila mlango wa eneo lake kwa miguu kabla ya uchaguzi, na wengi hufanya hivyo. Dhalac anawakilisha eneo namba 120, ambalo ni sehemu ya South Portland.

5. Na baraza la mji wa South Portland likoje?

Mji una watu wapatao 26,500 na baraza la madiwani 7. Kazi za kila siku, yaani kuajiri, kusimamia idara, kuandaa bajeti, zimo mikononi mwa meneja wa mji ambaye ni mtaalamu aliyeajiriwa, si mwanasiasa. Madiwani wanapitisha bajeti na sheria ndogo, na wanamsimamia meneja. Kwenye karatasi ya kura ya udiwani hakuna jina la chama. Mtanzania anaweza kumfikiria meneja huyo kama mkurugenzi wa halmashauri, ila huyu haletwi na rais; ameajiriwa na baraza lenyewe na linaweza kumwondoa.

## Kupanda kutoka baraza la mji

6. Aliwezaje kuwa meya bila wananchi kupiga kura ya umeya?

Watu wengi hufikiri kila meya wa Marekani anachaguliwa na mji mzima kama yule wa New York. South Portland haifanyi hivyo. Kila mwaka madiwani 7 humchagua mmoja wao kuwa meya. Wenzake Dhalac walimchagua kwa kauli moja mwishoni mwa 2021, akaapishwa Desemba 6.

Meya wa namna hii hana ofisi kubwa ya kutoa amri. Anaongoza vikao, anausemea mji, anasaidia kupanga yatakayojadiliwa. Kura yake ina uzito uleule wa diwani mwingine yeyote. Wapo wanaosema kwamba umeya huo ni wa heshima tu. Mimi siwaungi mkono. Anayeongoza kikao ambacho wananchi wamekuja na hasira kuhusu hoteli zilizojaa watu wasio na makazi, naye anatakiwa kumpa kila mmoja zamu yake bila kumvunjia mtu heshima, anafanya kazi nzito ya siasa hata kama hana amri mkononi.

7. Je, ni lazima uanzie udiwani?

Si lazima. Katika uchaguzi uleule wa 2022, Mana Abdi wa Lewiston, naye mwenye asili ya Kisomali, aliingia bungeni Augusta bila kupitia baraza la mji. Hao wawili ndio Wasomali-Wamarekani wa kwanza kuketi katika bunge hilo. Kwa upande mwingine, Safiya Khalid aliingia baraza la mji wa Lewiston mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 23, na hakuna sheria inayosema diwani lazima aendelee juu.

Hata hivyo njia ya kupitia mjini ni ya zamani sana Marekani. Calvin Coolidge, rais wa 30, alianza katika baraza la mji wa Northampton, Massachusetts, mwaka 1898. Akawa mwanasheria wa mji, kisha mwakilishi katika bunge la jimbo mwaka 1907. Baada ya hapo alirudi Northampton kuwa meya, ndipo akaenda seneti ya jimbo, akawa spika wake, naibu gavana, gavana, makamu wa rais, na mwaka 1923 rais. Katika safari yote hiyo uchaguzi mmoja tu ulimshinda, na ulikuwa wa kamati ya shule ya mji wake mwaka 1905. Wapiga kura wa mtaani walimkatalia kiti kidogo, nchi nzima baadaye ikampa kikubwa.

8. Kwa nini basi wengi huanzia mjini? Diwani anajifunza nini ambacho bungeni hakifundishwi?

Anajifunza nani analipia nini. Mfano ulio wazi kuliko yote kwa wasomaji wa ukurasa huu ni msaada wa manispaa kwa watu wasio na uwezo.

Maine ina sheria ya siku nyingi inayoulazimisha kila mji kumsaidia mkazi asiyeweza kujilipia mahitaji ya lazima: pango, chakula, dawa, kuni au mafuta ya kupashia nyumba joto. Mtu haendi Augusta kuomba. Anakwenda ofisi ya mji wake. Hapewi fedha taslimu. Anapewa hati, na mji unamlipa mwenye nyumba au mwenye duka. Kisha jimbo linaurudishia mji asilimia 70 ya gharama. Asilimia 30 inabaki juu ya mji, na mji unaitoa kwenye kodi ya nyumba na ardhi.

Sasa weka juu yake waomba hifadhi. Sheria ya nchi, ambayo hata bunge la jimbo haliwezi kuigusa, inasema mwomba hifadhi anaweza kuomba kibali cha kazi baada ya siku 150 tangu awasilishe maombi yake, na hapewi kibali kabla ya siku 180. Huyu baba mwenye nguvu zake, fundi wa umeme kutoka Kinshasa, anataka kufanya kazi hata leo, ila sheria inamkalisha. Wakati amekaa, watoto wanakula na theluji inaanguka. Mwaka 2019 ukumbi wa michezo wa Portland, mji jirani wa South Portland, uligeuzwa makazi ya watu zaidi ya 400, wengi wao familia kutoka Kongo na Angola. Mwaka 2021 na 2022 hoteli za South Portland, hasa zile za upande wa Maine Mall, zikapokea mamia ya watu wasio na makazi, na waomba hifadhi walikuwa wengi kati yao.

Diwani wa South Portland katika miaka hiyo aliyaona yote kwa wakati mmoja: familia ndani ya chumba cha hoteli, mwalimu aliyepata wanafunzi wapya katikati ya muhula, mzee mwenye nyumba analalamika kodi imepanda, na ile asilimia 70 inayotakiwa kurudi kutoka Augusta. Anagundua kwamba madiwani wanaweza kubishana hadi usiku wa manane na asilimia hiyo isisogee hata moja, kwa sababu imeandikwa katika sheria ya jimbo. Anayetaka kuigusa lazima aende kukaa pale inapoandikwa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo udiwani unapomfaa mbunge. Aliyetoka barazani akisoma mswada unaosema "manispaa itahakikisha", anajua manispaa ni nani: ni karani mmoja na wafanyakazi watatu, wenye foleni mlangoni.

9. Mji ukitunga sheria ndogo, jimbo linaweza kuifuta?

Linaweza, lakini si kirahisi. Tangu 1969 katiba ya Maine inaipa miji haki ya kujipangia mambo yake, na sheria ndogo huanguka pale tu inapogongana na sheria ya jimbo au pale jimbo limesema wazi kwamba jambo hilo ni lake peke yake.

South Portland wanalijua hili kwa kulipitia mahakamani. Tangu 1941 bomba la mafuta ghafi lilitoka bandari ya mji huo hadi Montreal, Kanada. Ilipoonekana kwamba mtiririko unaweza kugeuzwa ili mafuta mazito ya mchanga kutoka Kanada yapakiwe melini South Portland, baraza lilipiga kura Julai 2014, 6 kwa 1, kupiga marufuku upakiaji huo. Kampuni ya bomba ikaushtaki mji. Mji ulishinda katika mahakama ya wilaya ya serikali kuu mwaka 2018, na mahakama ya rufaa ikaiomba Mahakama Kuu ya Maine iseme kama leseni ya jimbo ilikuwa imeifuta sheria ya mji. Mwaka 2020 mahakama hiyo ilijibu kwamba haikuifuta. Mwaka uliofuata kampuni iliachana na kesi. Dhalac aliingia barazani kesi hiyo ikiwa katikati.

Upande wa pili wa sarafu ni sheria ya nyumba iliyopitishwa na bunge la Maine mwaka 2022. Miji mingi ilikuwa inaruhusu nyumba moja tu katika kiwanja. Jimbo likasema: mahali panaporuhusiwa nyumba ya kuishi, mji lazima uruhusu zaidi ya moja, mbili hadi nne kulingana na mahali penyewe. Miji ikatakiwa kurekebisha sheria zake ndogo, ipende isipende. Dhalac alikuwa meya mwaka huo, kwa hiyo aliipokea amri ya jimbo akiwa upande wa mji, na kabla mwaka haujaisha wapiga kura wakamhamishia upande wa wanaotoa amri.

## Kugombea

10. Sifa za kugombea Bunge la Wawakilishi la Maine ni zipi? Mzaliwa wa nje anaruhusiwa?

Anaruhusiwa. Kiti cha rais na makamu wake ndicho kinachomtaka mtu awe raia kwa kuzaliwa. Kwa Bunge la Wawakilishi la Maine unatakiwa uwe na umri wa miaka 21, uwe raia wa Marekani kwa miaka 5, uwe umeishi Maine mwaka 1, na uwe mkazi wa eneo la uchaguzi kwa miezi 3 kabla ya siku ya kura. Kwa seneti ya jimbo, umri ni miaka 25.

Hesabu ya miaka 5 ya uraia huwachanganya watu. Haihesabiwi tangu ulipofika Marekani wala tangu ulipopata kadi ya ukaazi wa kudumu. Inaanza siku ulipokula kiapo cha uraia. Kwa kuwa wengi husubiri miaka 5 na kadi kabla ya kuomba uraia, mkimbizi aliyefika leo ana zaidi ya muongo mmoja wa kungojea.

11. Fedha za kampeni anatoa wapi mtu asiye tajiri?

Maine ina jibu ambalo majimbo machache yanalo. Mwaka 1996 wananchi wenyewe walipiga kura kupitisha Sheria ya Uchaguzi Safi. Mgombea wa Bunge la Wawakilishi akikusanya michango 60 ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura waliosajiliwa katika eneo lake, jimbo linamlipia kampeni. Kwa seneti ni michango 175. Akishapata fedha hizo haruhusiwi tena kupokea mchango wa mtu binafsi wala kampuni.

Michango 60 ya dola 5 ni dola 300. Ugumu wake haupo kwenye fedha. Upo kwenye kuwapata watu 60 waliosajiliwa, ndani ya mipaka ya eneo lako, walio tayari kuandika majina yao kukuunga mkono. Mtu aliyekwisha kuwa diwani anawafahamu tayari, kwa sababu alishakwenda kuangalia shimo la barabara mbele ya nyumba zao.

12. Mchujo wa chama unaendaje, na ile kura ya kupanga namba ni nini?

Vyama hufanya mchujo, au kura za maoni kama wasemavyo Tanzania, mwezi Juni. Tofauti na nyumbani, wanaopiga kura ni wananchi wa kawaida waliojisajili, vituoni, chini ya usimamizi wa serikali. Mkutano wa wajumbe hauwezi kulikata jina lililoshinda.

Katika mchujo huo Maine hutumia kura ya kupanga: unaandika chaguo la kwanza, la pili na kuendelea. Kama hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia chaguo linalofuata. Uchaguzi mkuu wa Novemba wa viti vya Kongresi nao hutumia utaratibu huo, lakini wa viti vya bunge la jimbo hautumii. Katiba ya Maine inasema hapo anashinda mwenye kura nyingi zaidi, hata kama hazijafika nusu, na majaji waliithibitisha tafsiri hiyo mwaka 2017.

## Kazi ya Augusta

13. Mbunge wa jimbo anafanya nini siku nzima?

Sehemu kubwa ya kazi iko kwenye kamati. Maine inafanya jambo ambalo majimbo mengi hayafanyi: kamati zake ni za pamoja, maseneta na wawakilishi meza moja. Kila mswada huletwa hapo na kusikilizwa hadharani, na mwananchi yeyote anaweza kusimama na kusema, kwa kawaida dakika 3. Baada ya hapo kamati hukaa kazini kuurekebisha mswada, nayo hufanya hivyo milango ikiwa wazi. Kisha unakwenda kwenye mabunge yote mawili, halafu kwa gavana. Gavana akiupiga kura ya turufu, theluthi mbili ya waliohudhuria katika kila bunge wanaweza kuupitisha bila yeye.

Kipindi cha mbunge ni miaka 2. Mwaka wa kwanza vikao vinakwenda hadi Juni, wa pili hadi Aprili. Sheria ya kawaida huanza kutumika siku 90 baada ya bunge kuahirishwa, na ya dharura huhitaji theluthi mbili ili ianze mara moja.

Jambo moja ambalo wageni hawalijui: wabunge wa Maine ndio wanaomchagua mwanasheria mkuu wa jimbo, katibu wa jimbo na mhazini, kwa kura ya siri. Katika majimbo mengi nafasi hizo hupigiwa kura na wananchi.

14. Analipwa kiasi gani?

Inategemea jimbo, na tofauti ni ya kushangaza. New Hampshire, jirani wa Maine, ina wawakilishi 400 na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1889. California mwaka 2024 ilimlipa mbunge wake dola 128,215 kwa mwaka, na ile ni kazi ya mwaka mzima. Maine ipo karibu zaidi na New Hampshire kwa tabia: bunge ni la muda, na wajumbe wengi wana kazi nyingine, wavuvi, walimu, wauguzi, wastaafu. Malalamiko kwamba malipo madogo yanawazuia vijana na wazazi wa watoto wadogo kugombea ni ya kweli, na yanawagusa wahamiaji zaidi.

15. Anaweza kukaa bungeni milele?

Hapana. Tangu wananchi walipopiga kura mwaka 1993, mjumbe wa Maine anaruhusiwa vipindi 4 mfululizo katika bunge moja, yaani miaka 8. Akipumzika kipindi kimoja, au akihamia bunge la pili, hesabu inaanza upya.

## Maswali ya pembeni

16. Mtu anaweza kuwa diwani au meya na mbunge wa jimbo kwa wakati mmoja?

Kila jimbo na sheria yake. New Jersey ilikuwa maarufu kwa jambo hili hadi ilipolipiga marufuku kwa sheria ya 2007, lakini waliokuwa na viti viwili tayari wakaruhusiwa kuendelea. Ndiyo maana Nicholas Sacco aliendelea kuwa meya wa North Bergen na seneta wa jimbo hadi alipoacha useneta Januari 2024. Wanaotetea husema mji unapata sauti ya moja kwa moja pale fedha zinapogawiwa. Mimi naona mji usio na meya wake bungeni ndio unaoumia, kwa sababu anayegawa ameketi pia upande wa anayegawiwa.

17. Kuna wanaorudi kutoka bunge la jimbo kwenda baraza la mji?

Wapo wengi, na si lazima iwe kushuka. Coolidge alirudi (swali la 7). Antonio Villaraigosa alikuwa spika wa bunge la California kuanzia 1998 hadi 2000, kisha akaingia baraza la mji wa Los Angeles mwaka 2003 na kuwa meya 2005. Diwani wa Los Angeles anawakilisha watu takribani robo milioni na mshahara wake ni mkubwa kuliko wa mbunge wa jimbo. Linganisha na watu 9,000 wa swali la 4, utaona kwa nini neno "kupanda" halina maana moja Marekani nzima.

18. Mwanamke mwenye hijabu anaapishwaje? Lazima ashike Biblia?

Halazimiki. Katiba ya Maine inakataza kumpima mtu kwa dini yake ili ashike cheo, na asiyetaka kuapa kwa Mungu anaruhusiwa kutoa ahadi badala ya kiapo. Dhalac huvaa hijabu yake barazani na bungeni.

19. Mimi si raia na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Naweza kutoa ushahidi mbele ya kamati?

Unaweza. Kupiga kura na kugombea ni kwa raia tu (swali la 10), na usithubutu kujisajili kupiga kura kabla ya kuapishwa uraia, kwa sababu kosa hilo linaweza kukufukuzisha nchini. Lakini kusema mbele ya kamati ni haki ya kila mtu, hakuna anayekuuliza karatasi. Unaweza kwenda Augusta mwenyewe, unaweza kuzungumza kwa video ukiwa nyumbani, au unaweza kutuma maandishi kupitia tovuti ya bunge. Kumbuka tu kwamba maandishi yako yatawekwa hadharani pamoja na jina lako. Mwenye kesi ya hifadhi inayoendelea azungumze kwanza na wakili wake juu ya nini aandike kuhusu maisha yake.

Usihangaike kupamba. Dakika 3 zinatosha kusema unaishi mji gani, mswada namba ngapi, unauunga mkono au unaupinga, na jambo moja lililokutokea. Ukiweza, andika mapema, mpe anayejua Kiingereza akusomee makosa, na uende na nakala iliyochapwa. Kama unaogopa kwenda peke yako, mpigie mwakilishi wa eneo lako umweleze siku unayokuja. Jina lake na namba yake ya simu vimo katika tovuti ya bunge; unatafuta kwa jina la mji wako.